Anaitikia "Marahaba" badala ya kusema "Shikamoo": nimfundisheje mtoto huyu katika darasa la watoto 84?

Madam wa Rungwe (Jumapili usiku)

Habari za usiku walimu wenzangu, na wazazi mliomo humu. Naandika kutoka Tukuyu. Mvua imeanza saa nane mchana na hadi sasa haijakata, umeme ndio kwanza umerudi. Nina miaka kumi na moja kazini, yote madarasa ya chini. Mwaka huu nina darasa la pili: watoto 84 chumba kimoja, madawati 26, bati juu bila silingibodi. Mnaoijua Rungwe mnaelewa bati tupu maana yake nini mwezi wa tatu.

Naomba msaada kwa ajili ya mtoto mmoja. Nitamwita Lusajo, si jina lake. Ana miaka tisa. Aliletwa Januari na bibi yake akitokea shule nyingine, na aliyempokea aliambiwa maneno mawili tu: mtukutu, hasikii.

Lusajo anaandika namba kutoka 1 hadi 1000 bila kukosea, na sikumfundisha mimi. Anasoma kila kitu kilichoandikwa, hata maandishi ya kwenye mfuko wa saruji. Lakini ukimuuliza "Una miaka mingapi?" anakujibu "Una miaka mingapi?" kwa sauti yangu mwenyewe, hata kikohozi changu anakiweka mahali pake. Kila asubuhi anatoa mfukoni vizibo vya soda, anavipanga ukingoni mwa dawati kwa rangi, na mwenzake akigusa kimoja basi siku hiyo hakuna kusoma. Akichoka anaita vituo kama konda wa Hiace: "Kyimo, Kiwira, Isongole, Igawilo, Uyole! Uyole kuna wa kushuka?" Anavirudia hata mara ishirini.

Wiki ya pili mwalimu mkuu aliingia darasani. Watoto wakasimama: "Shikamoo mwalimu!" Walipomaliza, Lusajo akasema peke yake, kwa sauti nzito ya mtu mzima, "Marahaba, hujambo?" Huku kwetu mtoto haruki salamu, sembuse kumchukulia mkubwa marahaba yake. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka.

Siku nyingine alikuwa amesimama dirishani nikamwambia, "Lusajo, kaa chini." Akaja akakaa sakafuni, kwenye simenti, miguu kaikunja. Nikadhani ananichezea. Nikarudia kwa ukali: "Nimesema kaa chini!" Akainama, akajibana pale sakafuni kama mtu anayetafuta chini nyingine iliyo chini zaidi.

Sasa lililonifanya niandike. Alhamisi moja mwishoni mwa Februari mvua ilipiga ghafla. Nyie mnajua, bati likipigwa vile hata mwalimu ukipaza sauti husikiki dawati la tatu. Lusajo alipiga ukelele, akaingia chini ya dawati, akawa anauma mkono wa sweta lake. Watoto wakaacha kuandika. Nikamtoa kwa nguvu, nikamchapa fimbo mbili za kiganja. Hakulia kwa sababu ya fimbo. Usiku nikiwa kitandani ndipo nilipoelewa nilichofanya: alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, na mimi, ili nimchape, niliushika mkono wake nikauondoa kwenye sikio. Tangu siku hiyo sijashika fimbo mbele yake, na sijalala vizuri.

Nimesikia kwenye redio neno usonji (autism), hali ya ubongo inayobadilisha namna mtoto anavyowasiliana na watu. Wenzangu ofisini wanasema anadeka, mmoja anasema ni mambo ya kwao. Mama yake anauza ndizi sokoni, alinifuata akilia, akaniuliza kama ni sindano ya chanjo ya surua. Mwalimu mkuu anataka apelekwe shule yenye kitengo maalumu, yaani madarasa ya watoto wenye ulemavu, ya bweni, mbali. Nami nauliza: kwa mtu ambaye hakusomea elimu maalumu, mwenye watoto 84, kuna ninachoweza kufanya kesho asubuhi? Au nimwache aende?

Nafuatilia_Mbozi

Nafuatilia. Ninaye mmoja darasa la nne, yeye ni vituo vya redio.

Mwl. wa Kitengo, Iringa

Mwalimu mwenzangu, pole, na asante kwa kuandika lile la fimbo. Wengi tunalo la kwetu na hatulisemi.

Nilisomea elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, na sasa nafundisha kitengo hapa Iringa. Siwezi kukuambia kutoka huku kama Lusajo ana usonji. Hilo linapimwa mtoto akiwa mbele ya wataalamu, na linachukua muda. Lakini hayo uliyoandika yanatosha kumpeleka kupimwa, na mengi unaweza kuanza kuyafanya kabla hujapata karatasi ya hospitali. Mtoto mwingine yeyote hatadhurika nayo.

Kwanza masikio. Umesema aliyempokea aliambiwa "hasikii". Mama ampeleke kwa daktari wa masikio, hapo Mbeya kwenye hospitali ya rufaa wapo. Mtoto anaweza kuwa na usonji na bado sikio likawa na tatizo lake. Halafu mwangalie vizuri: kuna wakati anaganda sekunde kadhaa macho wazi, ukimwita hayupo, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Kifafa huonekana kwa watoto wenye usonji zaidi kuliko kwa wengine, na si lazima mtoto aanguke. Ukiona hivyo andika saa na tarehe, daktari atakushukuru.

Sasa hiyo marahaba. Ilinigusa sana kwa sababu ni jambo la zamani mno katika habari za usonji. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner kule Marekani aliandika habari za watoto 11, na moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba walirudia maneno jinsi walivyoyasikia, hata mtoto akajiita "wewe", kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiitwa. Fikiria Lusajo amesikia nini maisha yake yote. Mtu mzima akikutana naye, neno linalomwangukia yeye ni "Marahaba, hujambo?" Kwake hiyo ndiyo salamu ya mtu anapokutana na mtu. Hakumvunjia mwalimu mkuu heshima. Alimsalimia kwa maneno ambayo amekuwa akisalimiwa.

Namna ya kulisahihisha: usimwambie "Sema shikamoo", maana atakuambia "Sema shikamoo". Chukua mtoto mwingine au mwalimu mwenzako asimame nyuma ya Lusajo, karibu na bega lake, aangalie kule anakoangalia yeye. Wewe uje mbele. Yule wa nyuma aseme "Shikamoo mwalimu" kama kwamba ni kinywa cha Lusajo. Lusajo akirudia, wewe itikia "Marahaba" tu, usiongeze lolote. Mara tatu kwa siku, mlangoni, mahali pamoja. Baadaye wa nyuma aseme "Shika..." na kunyamaza. Baadaye avute pumzi tu.

Kuhusu kurudiarudia maneno, usimkataze. Zamani ilidhaniwa ni kelele zisizo na maana. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti kama Barry Prizant walionyesha kwamba mara nyingi mtoto anasema jambo kwa maneno aliyoyaazima. Huyu wako anaita vituo akichoka, umesema mwenyewe. Sikiliza anapofika "kuna wa kushuka?" Huenda yeye ndiye anataka kushuka. Mpeleke nje dakika tano, uone kama konda atanyamaza.

"Kaa chini" uliyojibiwa sakafuni, hapo yeye ndiye aliyekuwa sahihi kwa Kiswahili. Mwambie "Kaa kwenye dawati." Badala ya "Funga mdomo" sema "Nyamaza." Na amri zako zihesabu. Sisi walimu tunasema kwa pumzi moja: toeni madaftari, andikeni tarehe, pigeni mstari, nakilini maswali. Mpe ya kwanza peke yake, kisha hesabu moyoni hadi kumi kabla hujarudia. Kumi ni nyingi mno ukiwa umesimama mbele ya watoto 84, najua, lakini hesabu.

Kubwa kuliko yote ni ratiba ya kuonekana. Kule North Carolina, Marekani, Eric Schopler na wenzake walianzisha mwaka 1972 mpango uitwao TEACCH, na moja ya misingi yake ni kwamba wengi wa watoto hawa hushika kwa macho kile kinachowaponyoka kwa masikio. Neno likishasemwa limekwenda. Picha inabaki. Huhitaji fedha. Kata boksi la sabuni vipande, chora: paredi, kusoma, uji, kuhesabu, mapumziko, kuimba, nyumbani. Vipange wima kwenye kipande kirefu cha boksi, ukitundike ukutani pembeni ya dawati lake. Mpe kibanio cha nguo. Kila kipindi kikiisha anashusha kibanio yeye mwenyewe. Mtoto anayejua vituo kutoka Kyimo hadi Uyole ni mtoto anayetaka kujua kituo kinachofuata. Wewe ulikuwa unamsafirisha bila kumwambia njia.

Vizibo mwachie, visiwe adhabu. Vitumie kwenye kujumlisha.

Kuhusu fimbo, kanuni za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, fimbo zisizidi nne, na ziandikwe kitabuni. Kwa hiyo hata kwa karatasi zile mbili zako hazikuwa mahali pake. Lakini hilo unalijua, sitakupigia kelele.

Kitengo au abaki? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na kusaidiwa humo. Mimi nafundisha kitengo na ninakipenda, lakini mtoto wa miaka tisa anayesoma na kuandika kumpeleka bweni mbali na bibi yake, kwenye kelele mpya na vitanda vipya, lisiwe jambo la kwanza kujaribiwa. Muone afisa elimu maalumu wa halmashauri yako, mwandikie, bakia na nakala.

Mzee wa Chaki, Njombe

Mwalimu, mimi nilistaafu baada ya miaka 36 ya chaki. Nitasema ambalo huenda halitapendwa. Umetaja watoto 84, na hapa wote tumezungumza habari za mmoja. Wale 83 nao wana wazazi, nao mwisho wa mwaka watapimwa kusoma. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 madarasa yamefurika na walimu hawakuongezwa kwa kiasi hicho hicho. Anayekuambia uhesabu hadi kumi aje asimame hapo siku moja. Usijitwike peke yako kisha ukaanguka mwezi wa sita.

Hata hivyo nikueleze. Nikiwa kijana nilifundisha Makete, baridi ile ya kule. Nilikuwa na mtoto kama huyo wako. Yeye alikuwa anazunguka nguzo ya bendera, mbio, saa nzima. Nilimchapa sana. Niliamini namsaidia, na baba yake alinishukuru kwa hilo. Muhula wa pili hakurudi, na mimi nikaona darasa limetulia, nikafurahi. Nikamfuta kwenye daftari la mahudhurio kwa wino mwekundu. Nakumbuka ule mstari. Sikwenda hata kuuliza kwao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu tu: omba mtu. Bibi yake awe anakuja saa za asubuhi akae naye, au mtoto wa darasa la sita mwenye utulivu. Kama nguvu zitakuishia, ziishe yeye akiwa bado yumo kwenye daftari.

Mama Pacha, Mafinga

Madam, naomba huyo mama muuza ndizi umsomee maneno yangu.

Mimi nina mapacha wa kike, miaka kumi na miwili sasa. Mmoja ana usonji, mwingine hana. Niliwabeba tumbo moja, nikawanyonyesha maziwa yale yale, wakachomwa chanjo siku moja kwa muuguzi yule yule. Mmoja alianza kusema "mama" kwa wakati wake. Mwingine alikuja kuniita akiwa na miaka mitano, na akaniita kwa jina langu la ubatizo, kama anavyoniita baba yao. Nililia nikiwa nimeshika sufuria.

Niliambiwa kila kitu. Nililaaniwa. Nilikula kitu nikiwa mjamzito. Simpendi yule mmoja. Tuliuza ekari moja ya paina iliyokuwa imebakiza miaka minne kuvunwa, fedha zikaenda kwa waganga wawili na kwa mtu wa maombi ambaye alitufungisha mtoto asinywe maji siku nzima. Hakuna aliyemponya kwa sababu hakuna dawa ya kuuondoa usonji, na hakuna wa kumlaumu. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata Ulaya na Marekani akina mama waliteswa hivi hivi. Kwa miaka mingi wasomi walisema usonji unaletwa na mama mwenye moyo baridi, wakamfananisha na jokofu. Aliyepambana nao ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia, na yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume mwenye usonji. Mwaka 1964 aliandika kwamba mambo haya ni ya ubongo, si ya malezi. Leo tunajua kwamba urithi una sehemu kubwa. Mama akijua hivyo mgongo unanyooka.

Na chanjo: habari hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1998. Daktari Andrew Wakefield na wenzake waliandika kwenye jarida kubwa la The Lancet kuhusu watoto 12, wakihusisha na chanjo yenye surua ndani yake. Mwaka 2010 jarida lilikifuta kile walichoandika na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Watoto kwa malaki wamechunguzwa nchi mbalimbali na uhusiano haukuonekana. Huku kwetu surua huchomwa miezi tisa na miezi kumi na minane, umri ule ule ambao mzazi anaanza kugundua kwamba mwanawe haitiki akiitwa. Mambo mawili yanakutana njiani, na moyo uliojeruhiwa unayafunga pamoja. Mwambie akiwa na mdogo wake Lusajo ampeleke achanjwe.

Jambo moja kwa Mwl. wa Kitengo: tafadhali walimu msisahau wasichana. Wangu hakuwahi kupiga kelele darasani. Alikuwa anakaa kimya, anafuata wenzake kama kivuli, anawaiga hadi namna ya kucheka. Miaka mitatu kila ripoti iliandikwa "mtulivu, mwenye adabu", na akifika nyumbani anajigonga kichwa ukutani.

Madam wa Rungwe (baada ya wiki tatu)

Nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilitaka nije na kitu mkononi.

Mzee wangu wa Njombe, shikamoo. Nilisoma maneno yako mara nyingi. Nilikwenda kumuomba bibi, anakuja Jumatatu na Jumatano hadi wakati wa uji, anakaa nyuma na kitenge chake, na watoto wengine wanamsomea yeye madaftari yao. Kwa hiyo nimepata msaidizi wa watoto wote 84.

Ratiba niliichora Jumapili ile ile kwenye boksi la sabuni. Siku ya kwanza Lusajo aliibandua picha ya uji, akaitupa. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikakasirika kidogo, nasema ukweli. Ikawa binti mmoja anayekaa naye, nitamwita Neema, ndiye aliyeniambia: "Madam, umechora kikombe chekundu. Vya kwetu ni vya bluu." Nikapaka bluu. Hakuitupa tena. Neema sasa nimemweka kwenye dawati hilo moja kwa moja, na wa tatu ni mtoto asiyependa kusogeasogea. Dawati lenyewe nimelihamishia ukutani, mbali na dirisha la upande wa mparachichi tunakotundika rimu ya lori inayopigwa kama kengele. Kabla ya kupigwa, kiranja wa zamu ananyoosha mkono dirishani, Lusajo anaziba masikio, kengele inalia, anafungua, anashusha kibanio. Hakuna ukelele.

Salamu nilifanya kama ulivyosema, mwalimu wa kitengo, Neema akiwa nyuma ya bega. Siku nne alinirudishia marahaba. Ya tano akasema "Shikamoo mwalimu". Sasa anawapa shikamoo hata watoto wa darasa la kwanza, na mbuzi wa jirani, lakini mwalimu mkuu aliipata yake Ijumaa iliyopita, mlangoni, na aliitikia polepole sana. Jioni yake aliniita ofisini. Nilidhani ni ile barua ya uhamisho. Akaniambia niandike kwa afisa elimu maalumu, yeye atagonga muhuri, na kwamba suala la bweni tuliache hadi mwisho wa mwaka.

Konda umempatia. Akifika "kuna wa kushuka?" namtoa nje, anazunguka mparachichi mara sita, siku zote sita, anarudi mwenyewe.

Yaliyoharibika: Alhamisi kuimba kulifutwa kwa sababu ya kikao cha wazazi, na mimi sikubadilisha picha. Alikaa na kibanio kwenye "kuimba" akisubiri. Watoto walipotoka kwenda nyumbani alijitupa mlangoni, akanikwaruza mkono, ilichukua karibu saa nzima. Kosa lilikuwa langu. Na kazi ya kuandika insha fupi bado inanishinda kabisa, kunakili ananakili vizuri lakini sentensi yake mwenyewe hatoi.

Masikio: mama alimpeleka. Walimtoa nta ngumu sikio la kushoto, mengine wakasema usikivu upo. Wamempa tarehe ya kurudi kuonana na daktari mwingine kuhusu usonji wenyewe. Mama Pacha, nilimsomea maneno yako pale sokoni, kati ya mikungu. Alinyamaza, kisha akaniuliza hao mapacha wako wanaitwa nani ili awaombee. Nimemwambia sijui.

Mvua sasa. Bibi alimletea mzula wa sufu unaofunika masikio, nami naweka pamba ndani. Kofia darasani ni kosa kwa sheria zetu, mwalimu mkuu ameruhusu. Nilichora pia picha ya mvua, ikawa inakaa pembeni ya ratiba. Huku mvua tunaiona kabla ya kuisikia, mlima Rungwe unafunikwa kwanza. Jumanne nikiwa ubaoni nimegeuka, nikasikia Neema anasema "Madam, Lusajo kaweka mvua." Nikatazama nje, jua lilikuwa bado linawaka uwanjani. Nikatazama mlimani, haupo. Alikuwa ameshavaa mzula. Mvua ilipotua alitetemeka, akashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, lakini alibaki juu ya dawati. Nilikwenda nikakaa karibu naye, sikumgusa, watoto wengine nikawaambia wachore mvua maana kusikilizana kusingewezekana. Tulikaa hivyo hadi ikapungua.

Shida niliyonayo leo ni ndogo: picha za boksi zinalowa na ukungu wa huku, zinapinda, na akiona kona imepinda anaiuma. Mnatumia nini?

Mwl. wa Kitengo, Iringa

Nimesoma nikiwa nimesimama. Ongeza picha moja ya "leo imebadilika", alama yoyote, hata msalaba mwekundu juu ya kipindi, na mfundishe kwanza kwa mabadiliko mazuri: futa kuhesabu, weka kuzunguka mparachichi. Akizoea kwamba msalaba hauleti mabaya kila mara, kikao cha wazazi hakitamtupa mlangoni.

Insha: mpe maneno yaliyokatwa vipande, ayapange kama vizibo. Anza na "Hiace", "inakwenda", "Uyole". Kazi zake zote zihifadhi kwenye bahasha yenye tarehe. Atakapofika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Baraza la Mitihani huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kila saa kwenye hisabati na dakika 10 kwenye masomo mengine, na shule ndiyo yenye kupeleka taarifa mapema. Bahasha hiyo itamsemea.

Mama Pacha, Mafinga

Mwambie mama Lusajo wanaitwa Tupokigwe na Twilumba, haya ni majina yao ya nyumbani, baba yao ni Mnyakyusa wa huko huko. Nimefurahi mno.

Picha: chukua mfuko ule mgumu unaong'aa wa mkate, kata, funika picha pande zote mbili, halafu pitisha selotepu pana kwenye kingo zote, mbele na nyuma. Kona usiziache kali, zikate ziwe duara kwa mkasi kabla ya kubandika. Yangu ya kwanza ina miaka minne, jikoni, karibu na moshi, na bado inasomeka. Kwenye kikombe tumia rangi ya kalamu ya maka, penseli ya rangi inafifia na ataikataa tena.